Jibu: Cheti cha morfini kwa picha ya WhatsApp

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutoa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa picha ya cheti cha daktari aliyokutumia kijana wa mgonjwa, cheti chenyewe kikiwa Newala. Hapana, hata kama mnafahamiana. Picha moja inazunguka madirisha matatu ya dawa, hujui nani katangulia.

Unataka karatasi yenyewe: jina kamili, nguvu ya dawa, jina na saini ya daktari, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. 10 hugeuka 100 kwa kalamu yoyote! Ila usimwache mgonjwa na maumivu. Mpigie daktari, cheti kije na gari la leo hii.

Ukishatoa, jaza daftari la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kisheria, papo hapo. Salio lisipolingana na chupa, usiondoke.

Halafu uliza habari za choo. Morfini hufunga sana, wengi huandikiwa bila dawa ya kulainisha.