Uliza Fundi: Pula imezama kwenye krenki

SWALI: Fundi shikamoo. Nina baiskeli ya mtumba ya gia, nimeichukua mwaka jana na ilikuwa haina shida, sasa krenki (mkono wa pedali) imeanza kucheza, ukikanyaga inalia kwa-kwa-kwa. Nikaipeleka kwa mzee wetu wa hapa mtaani, ana spana malaya, nyundo na tindo na baiskeli za Phoenix zote za huku anatengeneza yeye, akaichungulia akasema mwanangu hii haina kotapini, ile pini ya kushika krenki, sasa mi nigonge nini. Basi nikaagiza pula, kifaa cha kung'olea krenki, Dar kwa elfu 15, imefika nimeifunga nazungusha, badala ya kusukuma ekseli inazama ndani ya tundu. Nimepigwa? Na hivi vitu vinabadilika kila siku kwa nini jamani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hujapigwa, pula ni nzima ila ni ya ekseli ya pembe nne. Yako inaonekana ni Octalink, aina ya ekseli ambayo Shimano, watengeneza vipuri vya baiskeli wa Japani, waliileta 1996, ekseli ni bomba nene lenye tundu kubwa katikati, ndo maana kichwa chembamba cha pula kinazama. Mulika tochi uhesabu meno, yakiwa 8 ndo hiyo, yakiwa 10 ni ISIS, hiyo makampuni mengine waliitengeneza kwa sababu Octalink ina hatimiliki, dawa ni ileile.

Usinunue pula nyingine. Nenda kwa mchonga vyuma akukatie kipande cha duara, kizibe mdomo wa ekseli lakini kipenye kwenye tundu la krenki, pula isukume hapo. Toa bolti na washa yake kwanza, halafu pula iingie nyuzi zote kabisa, krenki ni aluminiamu hiyo, ikishika nyuzi mbili tatu ukakaza inang'oa zote na hapo ndo utalia vizuri.

Ikishatoka kuna beringi ya ndani, inataka kifungulio cha meno 20, chagua chenye tundu pana maana ekseli yako ni nene. Upande wa cheni unafungua kwa kuzungusha kama unakaza, watu wengi wanaharibu hapo (fremu za Kitaliano na za zamani za Kifaransa ndo pande zote kawaida). Halafu usirudishe Octalink, zipo aina mbili, moja meno yake yana urefu wa mm 5 nyingine mm 9 na haziingiliani, utazunguka mji mzima. Kama fremu ni ya nyuzi za Kiingereza, upana mm 68, weka beringi ya ekseli ya pembe nne na krenki zake, na ile pula yako ya elfu 15 itafanya kazi bila kuongeza hata senti.

Kwa nini wanabadilisha? Octalink kweli ni ngumu na nyepesi kuliko pembe nne, siwasingizii, lakini haohao Shimano wakaja na krenki za Hollowtech II, beringi zikahamia nje ya fremu na spana nyingine tena. Mimi nina sanduku zima la vifungulio, kila kimoja kina kazi moja tu, mke wangu ameshauliza kama nimeanza kununua chuma chakavu.

SWALI: Fundi, rimu 26, tairi 26 jipya, haliingii hata tukivuta watu wawili. Shida nini?
Msomaji, Tabora

JIBU: Hiyo 26 ni jina tu ndugu yangu. Baiskeli ya mountain inatumia 559, zile za Kijapani zenye kikapu mbele nyingi ni 590. Soma ubavuni mwa tairi la zamani, utakuta kitu kama 37-590, namba ya pili ndo kipenyo cha rimu kwa milimita. Umepewa 559, halitaingia hata uite mtaa mzima. Lirudishe dukani kabla halijachafuka, na uende na lile la zamani mkononi.