Kwa nini London huipita New York katika fedha za kigeni

Swali la iweje London iuze na kununua fedha za kigeni nyingi zaidi kuliko New York, ilhali uchumi wa Marekani ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa Uingereza, hujibiwa kwanza na saa ya ukutani. Dalali wa London anapoketi mezani asubuhi, wenzake wa Singapore bado wamo kazini, na ikifika alasiri New York nayo imekwisha kufungua, hivyo mtu mmoja, kwa zamu moja, huzungumza na mabara matatu. Takwimu za Benki ya Malipo ya Kimataifa za mwaka 2022 ziliipa Uingereza takriban asilimia 38 ya biashara hiyo, na Marekani asilimia 19.

Saa pekee haitoshi, maana Lagos nayo imo katika majira yanayokaribiana na hayo. Lililozidi ni sheria ya Kiingereza, ambayo hata wafanyabiashara wasio Waingereza huichagua kusimamia mikataba yao, pamoja na mageuzi ya soko la hisa ya Oktoba 1986 yaliyozifungulia milango benki za nje. Utamaduni, kwa maoni yangu, hufuata fedha: kumbi za maonyesho na makumbusho hupata wafadhili palepale penye benki, kisha nazo huwavuta wataalamu wengine.