Goti likiumia kazini Uganda: pesa huhesabiwa vipi

Watu wa hapa Malaba wakiniona nashuka ngazi upande upande huniuliza, "Mzee, walikulipa ngapi?" Wachache sana huuliza hiyo ngapi ilipatikanaje, na hapo ndipo penye maneno. Wapakiaji wawili wenye goti lililoharibika vilevile wanaweza kuondoka mmoja na pesa ya kununua kiwanja, mwingine na nauli ya kurudi kwao.

Mimi niliumia nikishusha mizigo kwenye bohari. Gunia lilinielemea, wayo ukabaki umekwama kwenye ubao, mwili ukazunguka. Eksirei ikaonyesha mifupa haina tatizo, na msimamizi akaanza kusema nitapona kwa dawa ya kuchua. Sasa, eksirei huona mifupa. Kano iliyokatika au gegedu (ile tishu laini kati ya mifupa) iliyochanika ndani ya goti huonekana kwenye kipimo cha MRI, ambacho si cha bei ya maskini. Lakini chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, gharama za matibabu ni za mwajiri. Mwombe kipimo hicho mapema, kwa barua, na ubaki na nakala. Ukilipwa kwa ripoti ya eksirei peke yake, utalipwa kama mtu aliyeteguka tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi maisha yake yote hulipwa mapato ya miezi 60. Aliyepoteza sehemu ya uwezo hulipwa asilimia ya hiyo miezi 60, kulingana na ulemavu utakaobaki. Tuseme unapata shilingi 400,000 kwa mwezi: miezi 60 ni milioni 24. Daktari akiandika asilimia 15, chako ni milioni 3 na laki 6. Uzembe wako hauondoi haki hiyo, kwa hiyo anayekwambia "ulikuwa hujavaa buti" anakupotezea muda.

Mambo mawili basi ndiyo yanayovutaniwa: mapato na asilimia.

Kwenye mapato ndiko wengi wetu tunakoumizwa mara ya pili. Kwenye karatasi mshahara unasomeka 250,000, zinazobaki unapewa mkononi jioni. Kwa asilimia ileile 15, karatasi hiyo inakupa 2,250,000, yaani milioni moja na zaidi imepotea. Chakula na nyumba unavyopewa na mwajiri huhesabiwa kuwa mapato, na ovataimu pia, ikiwa ni ya kila mara. Kusanya ujumbe wa mobile money, daftari la zamu, na wenzako watakaokubali kusema. Mimi nilipeleka ujumbe wa simu wa miezi mingi nyuma, na mhasibu aliyekuwa mkali alishusha sauti.

Asilimia inategemea siku utakayopimwa na jinsi utakavyojieleza. Ukipimwa goti bado limevimba, daktari hawezi kujua kitakachobaki. Ukingoja hadi matibabu yafike mwisho wake, anapima kitu kilichotulia. Wangu alichukua futikamba akazungusha paja la kulia, kisha la kushoto, akaandika tofauti, maana mguu usiotumika hukonda. Akalikunja goti akisoma nyuzi kwenye kipima pembe. Halafu akauliza, "Choo cha nyumbani ni cha aina gani?" Cha kuchuchumaa, nikamwambia, na siwezi kuchuchumaa. Akaandika. Mambo kama hayo yaseme yote: kupiga magoti kwenye sala, kupanda kwenye lori, kubeba mtoto ukishuka mteremko. Sisi wanaume tuna tabia ya kumwambia daktari "nipo sawa tu". Hiyo tabia iache mlangoni.

Jiandae pia kuambiwa goti lilikuwa limechoka tangu zamani, hasa ukiwa na umri kama wangu au uliwahi kucheza mpira. Kitabu cha kliniki kinachoonyesha hukuwahi kulilalamikia goti hilo kina thamani kuliko kelele zozote ofisini.

Kuhusu muda: mwarifu mwajiri kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja tangu ajali. Kampuni itakuita pembeni: "Mzee, chukua hiki kidogo, tumalize kifamilia." Makubaliano ya fidia yanatakiwa yapitie kwa afisa wa kazi wa wilaya, kwa hiyo mwambie huyo anayetaka utie saini mkutane huko. Mkipishana juu ya asilimia, sheria ina bodi ya madaktari ya kuamua.

Ukigongwa na gari barabarani, hesabu nyingine kabisa. Ikiwa ulikuwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini, bado unaweza kumdai mwajiri. Vinginevyo lazima uthibitishe dereva alizembea, na ukikutwa ulichangia, fidia hupunguzwa. Bima ya lazima ya gari usiitegemee sana: sheria ya mwaka 1989 iliweka ukomo wa shilingi milioni moja kwa mtu mmoja, ambayo kwa upasuaji wa goti haifiki mbali. Zaidi ya hapo ni mwenye gari, na ndiyo sababu namba ya gari, mchoro wa trafiki na ile Fomu 3 ya polisi (ambayo daktari hujaza majeraha yako) vipatikane mapema. Mahakama hukurudishia gharama ulizoonyesha risiti, moja moja, pamoja na nauli za bodaboda kwenda hospitali. Maumivu na maisha yaliyoharibika jaji huyakadiria mwenyewe. Kesi ya uzembe uliosababisha majeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3. Gari likiwa la serikali, miaka 2.