Pikipiki inapochemsha kati ya Kyela na Mbeya

Waendesha pikipiki wengi wa Mbeya huchukulia joto la injini kuwa tatizo la watu wa Dar es Salaam, kwa sababu sisi asubuhi huondoka nyumbani tumevaa jaketi na glavu. Jiji letu liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500, na kwa hiyo anayekwenda Kyela, karibu na ziwa hilo, na kurudi huitoa injini kwenye baridi ya Uyole na Isyonje, akaiingiza kwenye joto la ziwani, kisha akaidai ipande mlima wote ule ikiwa bado ya moto.

Uzoefu wangu wa barabara hiyo umenifundisha kwamba jua peke yake haliui injini. Pikipiki zetu nyingi za injini ya cc 125 na 150 hazina rejeta. Hupozwa na upepo unaopita kwenye vile vibati vyembamba vinavyozunguka silinda, pamoja na oili. Unapopanda polepole nyuma ya lori, umebeba abiria na gunia la mchele, injini hufanya kazi nzito wakati upepo ni mdogo kabisa. Hapo ndipo inapochemsha, na ndivyo ilivyo pia kwa wanaopanda Kitonga upande wa Iringa. Mshikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, kwenye mlima wa namna hiyo ni kuitesa injini, mbali na hatari yake kwa abiria.

Wengi hung'ang'ania gia kubwa wakiamini kwamba wanaipumzisha injini. Mimi hushusha gia mapema, kwa kuwa injini inayozunguka kwa wepesi huisukuma pampu ya oili kwa kasi zaidi, na pistoni haigongi. Klachi nayo isishikwe nusu, kwani msuguano wa sahani zake huongeza joto ndani ya oili ile ile.

Kagua vile vibati kabla ya safari. Tope la njia za mashambani Rungwe hukauka katikati yake likawa gumu, na upepo haupiti tena. Lisugue kwa brashi na sabuni injini ikiwa baridi. Kama fundi aliwahi kupunguza jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, ili iendane na hewa nyepesi ya huku juu, mweleze kwamba unashuka Kyela, kwani kwenye hewa nzito petroli itapungua kwenye mchanganyiko na silinda itapata moto kupita kiasi. Plagi yenye ncha nyeupe ni dalili mojawapo ya hali hiyo.

Kuhusu oili, fuata kitabu cha pikipiki yako. Baadhi huruhusu oili ya unene wa 20W-50, nayo iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze.

Ukisikia nguvu zinapungua, mlio wa kugonga au harufu ya oili inayoungua, tafuta kivuli na uzime. Usimwagie silinda maji, kwani chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupasuka au kupinda. Ikishapoa, isimamishe wima mahali tambarare upime oili kabla ya kuwasha, maana injini nyingi za ukubwa huu hubeba takriban lita moja tu, na upungufu wa robo lita ni mkubwa.