Mwanangu hakuwa akinikimbia mimi

Jumamosi iliyopita nilivuka na mwanangu wa miaka saba, mwenye usonji (autism), kwa feri ya Kamanga kutoka Mwanza, na hakulia. Kwako hiyo si habari. Kwangu mimi ni kombe, nimelibeba mpaka nyumbani.

Maana miaka mitatu nyuma honi ya feri ilimwangusha chini, akawa anajigonga kichwa kwenye chuma, nami nimeduwaa na kikapu mkononi. Mzee mmoja akaniambia mbele za watu, "Mama, fimbo zipo kwa ajili hiyo." Tangu siku ile mtoto hakukanyaga Sengerema kwa bibi yake, mama mkwe wangu. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, nadhani nilifurahi kuliko wenye malori: tutapita na basi, hakuna honi. Kumbe mwenyewe anataka feri. Anapenda kuangalia maji.

Wengi mmeniuliza nimefanyaje, ndiyo maana naandika.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Dagaa ndio walionijengea nyumba na ndio waliokaribia kunipotezea mtoto. Kila jioni nikifungua mlango, yeye anakimbilia nyuma ya kabati. Nikimshika anajikunja, anaziba pua, siku nyingine anatapika. Kwa baba yake anapanda mabegani. Kwa jirani analala kabisa. Mimi, niliyembeba tumboni, ananikwepa kama moto! Nilimwonea wivu mume wangu, nasema ukweli. Mama mkwe akatamka kwamba mtoto hamkatai mamaye bure, kuna mkono wa mtu. Tukaenda kuombewa. Spika iko hapa, sikio la mtoto liko pale, watu sita wamemshika. Akamng'ata mmoja wao. Mungu anisamehe, moyoni nilicheka kidogo.

Shule moja ya awali ilimrudisha baada ya wiki moja kwamba hana adabu. Risiti ya ada ninayo mpaka leo.

Siku tulipofika kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, hakuanza na mtoto. Aliniangalia mimi. "Mama, umetoka wapi sasa hivi?" Nikamwambia sokoni. "Kesho njoo kabla hujaenda." Kesho yake nikaoga, nikavaa gauni lililokuwa sandukuni, tukaenda. Tumekaa kwenye benchi, mtoto akaja mwenyewe, akapanda mapajani, akalaza kichwa hapa shingoni. Alikuwa na miaka minne na nusu. Nililia mpaka yule dada akaniletea maji.

Kumbe ilikuwa ni kitenge changu cha sokoni. Harufu ya dagaa ambayo pua yangu imeshaizoea, kwake ilikuwa kama kuwekewa pilipili puani. Nilielezwa kuwa watoto wengi wenye usonji hupokea sauti, harufu na mguso kwa ukali kupita sisi, na wengine kwa uchache kupita sisi, na mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Wangu anaumizwa na lebo ya shati lakini anataka umbane kwa nguvu mpaka wewe uogope. Usonji daktari Leo Kanner aliueleza tangu 1943, lakini hili la hisia liliingia katika vigezo vya madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Kama wao walichukua miaka 70, msinihukumu mimi muuza dagaa.

Siku hizi nabadilisha nguo kwa jirani kabla sijaingia kwangu. Sare mpya niliifua mara tano kabla hajaivaa, nikakata lebo zote. Za nyumbani nachukua soko la Mlango Mmoja, mitumba imeshalainika. Mvua ikipiga bati anavaa vile vizuia kelele vya masikioni vya mafundi wa mashine. Ni hayo tu, sina siri nyingine.

Mzazi mwenzangu, chunguza kabla hujachapa. Mtoto akilia, jiulize ananusa nini, anasikia nini, nini kinamgusa. Chunguza! Fimbo haijawahi kumzibia mtu masikio. Na wewe unayesema ni malezi mabaya, njoo nikuachie mtoto siku moja ya mvua halafu tuzungumze malezi.

Kwa feri, nilikwenda Ijumaa peke yangu kumuuliza kijana wa pale honi inapigwa lini na iko upande gani. Alinicheka, lakini akanionyesha pa kukaa. Usiku nikamweleza mtoto: italia, itanyamaza, tutaondoka. Jumamosi akavaa vizuia kelele vyake, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote. Honi ikalia. Nikahisi kucha zake mgongoni. Kisha akafumbua jicho moja, akauliza, "Imeisha?"

Tulipofika, bibi yake alitoka jikoni mbio, mikono imefunguka. Mtoto akarudi nyuma, akaziba pua. Nikasema, "Mama, si wewe. Ni moshi wa kuni."

Alinitazama kwa muda. Akaingia ndani, nikasikia maji yanamwagika bafuni. Alitoka na kanga nyingine, akakaa kwenye mkeka bila kumwita, na baada ya robo saa hivi mjukuu alikuwa amemwegemea. Ule mkono wa mtu hakuutaja, nami sikumuuliza.