Kompyuta ipi kwa gemu za koni gani? Tunajibu maswali yenu

Shikamooni wahariri. Kompyuta mpakato yangu ni mpya, Celeron N4020, RAM GB 8. Gemu za PSP zinateleza bila shida, ila za PS2 zinatambaa kama konokono na sauti inakatakata. Fundi anasema niongeze RAM ifike GB 16. Nimsikilize?
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

Marahaba. Hela hiyo iweke mfukoni. PS2 yenyewe ilikuwa na RAM ya MB 32 tu, na emuleta ya PCSX2 (programu ya kuchezea gemu za PS2 kwenye kompyuta) ikiwa ndani ya GB 8 inakaa kwa raha. Kilichozidiwa hapo ni prosesa.

Emuleta ni mkalimani. Umewahi kuona mkutano wa injili ambao mhubiri hasubiri: anamwaga sentensi juu ya sentensi, na mkalimani pembeni anatokwa jasho. Ukimletea wakalimani saba wa kumsaidia, sentensi inayosemwa bado ni ile moja. Kwa hiyo cha kutazama kwanza ni kasi ya kiini (core) kimoja cha prosesa. Idadi ya viini huja baadaye, na RAM mwisho.

PSP inafika MHz 333, na emuleta yake, PPSSPP, imetengenezwa iwe nyepesi kiasi cha kubebwa na simu. PS2 inaenda MHz 294.9, yaani chini ya PSP, lakini wahubiri wake ni wengi: prosesa kuu (EE), vitengo vya vekta VU0 na VU1, prosesa ya pembeni, na chipu ya picha (GS). Wote wanasema kwa wakati mmoja na kila mmoja anamtegemea mwenzake. PCSX2 lazima iwatafsiri wote bila kuwapotezea saa. Hapo ndipo N4020, yenye viini viwili vya GHz 1.1 vinavyopanda hadi 2.8, inapolemewa. Prosesa hiyo ina SSE4.1, seti ya amri za prosesa ambayo ndiyo kiwango cha chini cha PCSX2, ndiyo maana programu inafunguka. AVX2, seti mpya zaidi, haina.

Pima mwenyewe. Kwenye mipangilio ya PCSX2 washa maandishi ya kasi na matumizi ya CPU na GPU yatokee kwenye skrini, kisha cheza sehemu nzito. EE ikigusa asilimia 95 na kuendelea, prosesa imefika mwisho, na kupunguza ubora wa picha hakutasaidia kitu. GPU ndiyo ikijaa, rudisha resolusheni iwe ile ya asili ya PS2. Kwa mashine yako jaribu kushusha mzunguko wa EE hadi asilimia 75; gemu kadhaa zitapata nafuu, nyingine zitaharibika mwendo. Kile kipengele cha kuipa VU1 uzi wake (MTVU), yaani ifanye kazi kwenye kiini chake, kiache kimezimwa, kinataka kiini cha tatu ambacho huna.

Nafungua banda la gemu Mwanjelwa: PS1, PS2 na GameCube. Nimeonyeshwa kompyuta za mezani zilizotumika za i5-4590, na mpakato za i5-6300U. Nichukue zipi? Na PS3 je?
*Mfanyabiashara, Mbeya*

Chukua za mezani, ndugu. i5-4590 ina viini vinne halisi, GHz 3.3 hadi 3.7, na AVX2 imo. Ile i5-6300U ni ya kizazi kipya zaidi, lakini ina viini viwili na inaishia GHz 3.0, tena ikipata joto haifiki huko. Ubaya wa ile ya mezani ni umeme: prosesa imepangiwa wati 84 dhidi ya 15 za mpakato. Kwa mashine nne zinazowaka kutwa, LUKU utaisikia.

PS1 (prosesa yake MHz 33.9) isikuumize kichwa, mashine zote mbili zitaibeba. GameCube, ambayo emuleta yake ni Dolphin, ina prosesa ya MHz 486, ila mpangilio wake ni wa kueleweka, hivyo mara nyingi huenda vizuri kuliko PS2. Mchezo ukishtuka kila kitu kipya kinapotokea kisha ukatulia, hizo ni sheda (programu ndogo za kuchora picha) zinaandaliwa. Washa ubershader kwenye mipangilio ya Dolphin uone tofauti.

Kama hutaweka kadi ya picha, RAM inunue vipande viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8. Kitengo cha picha kilicho ndani ya prosesa hukopa RAM ya kompyuta, na vipande viwili hufungua njia mbili za kupitishia data. Hapa ndipo RAM inapoongeza kasi kweli.

PS3 isahau kwa mashine hizi. Prosesa yake, Cell, ni GHz 3.2, na gemu hutumia SPE (prosesa ndogo za kusaidia) sita pamoja na prosesa kuu. Emuleta yake, RPCS3, inataka viini vingi *na* vyenye kasi. Jambo jingine la mwenye banda: leseni ya DuckStation, emuleta ya PS1, tangu 2024 haikubali biashara, kwa hiyo kwa PS1 tafuta emuleta nyingine. BIOS ya PS2 (programu ya kuiwashia koni, ambayo PCSX2 inaihitaji) nayo itoe kwenye koni yako mwenyewe.

Gemu inaanza kwa fremu 60, baada ya dakika 15 inashuka hadi 35. Huku kwetu ni baridi, joto litoke wapi?
*Msomaji, Mafinga*

Kompyuta umeiweka juu ya nini? Wakati wa baridi wengi hucheza kitandani, mashine juu ya blanketi, na blanketi linaziba matundu ya chini. Iweke juu ya ubao. Ikiendelea, fungua feni: vumbi la kiangazi huganda kama sufi kati ya feni na mapezi ya shaba, na ukipuliza kwa nje tu unalisukuma ndani. Shika feni isizunguke, piga brashi, badilisha pesti ya joto; punje kama ya njegere inatosha.

Mwinuko nao unachangia. Kwenye mita 1,700, kama Mbeya mjini, hewa ni nyepesi kwa takribani moja ya sita kuliko pwani, hivyo feni ileile inabeba joto pungufu. Baridi inafidia sehemu, blanketi linakula fidia yote.

Angalia na chaja. Mashine ya wati 65 ikipewa chaja ya 45, baadhi hujipunguza kasi zenyewe bila kukuambia.

Simu yangu ina viini nane, mbona PS2 haiendi?
*Msomaji, Tukuyu*

Kama vyote nane ni vya aina ya Cortex-A53, ni vya kuokoa betri. Tafuta simu yenye walau viini viwili vya kasi, vya aina ya Cortex-A76 au zaidi. Kwa sasa, PPSSPP inakutosha.