Zima hilo birika kwanza

Dada, zima birika. Sijamaliza hata kusoma swali lako. Nimefika pale uliposema Jumamosi utazipitisha kwenye mvuke kwa sababu mjomba kakwambia zinabanduka zenyewe, nikaona niandike kabla Jumamosi haijafika.

Kwa wanaopita: dada ana mkebe wa biskuti wa marehemu babu yake, Chake Chake, umejaa barua za zamani. Anataka kubandua stempu zisichanike. Anauliza maji au mvuke, atazihifadhi wapi, zipi ndiyo za zamani, na bei zake zikoje.

Wa kwetu ulikuwa si mkebe, ni kijisanduku cha mbao ambamo babu aliwekea risiti za karafuu, Wete. Chini ya risiti ndimo zilimokuwa barua, kama 40 hivi. Nyingi za ndugu yake aliyekuwa Mombasa, nyengine za watu wa Unguja. Nikachukua tatu nikenda nazo Mji Mkongwe kwa bwana mmoja anayewauzia watalii birika za shaba, saa mbovu na sarafu. Alikuwa anakula badia. Akazishika barua za babu yangu kwa vidole vile vile vya mafuta, akanambia bila ya kupepesa jicho: "Mgeni ataka stempu. Barua ya babu yako aipeleke wapi? Zitie maji ya moto, zing'oke, niletee safi." Mtu mzima, ana duka, ana kabati la vioo. Nikaamini.

Basi. Beseni la kufulia, birika la maji yanayochemka, barua zote kwa mkupuo mmoja kwa sababu nilikuwa na haraka ya utajiri. Bahasha za ndege, zile zenye ukingo wa mistari myekundu na buluu, ndizo zilizoanza kutoa rangi. Halafu kulikuwa na barua moja ya rejesta, karani kaandika nambari kwa ile penseli ya wino, ambayo ikiwa kavu ni kijivu na ikipata maji inakuwa zambarau. Dakika tano tu, beseni zima kama juisi ya zabibu. Sultani Khalifa bin Harub wa kwenye stempu aliingia na kilemba cheupe akatoka na cha zambarau. Nilicheka, wallahi. Nilidhani hiyo ndiyo hasara.

Zilikuwamo mbili kongwe zaidi, za baba yake babu, kutoka Mombasa, zina kichwa cha Mfalme Edward na maandishi ya Afrika ya Mashariki na Uganda. Hizo sikujua kwamba zilichapwa London kwa kampuni ya De La Rue kwa makusudi ziharibike. Karatasi yake inaweza kuwa imepakwa chokaa juu, na wino wa zambarau na wa kijani walioutumia zama zile ulitengenezwa uchujuke ukiguswa na maji, ili mtu asiweze kuosha muhuri wa posta akaitumia stempu mara ya pili. Yaani Mwingereza aliweka mtego kwa ajili ya wezi wa senti sita, ukaja kuninasa miye miaka 100 baadaye na beseni langu. Mfalme alibaki kivuli.

Yote hayo nimeyasamehe. Ninayoota usiku ni stempu moja iliyotoka salama salimini, haina doa, haina chozi.

Unajua Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, na stempu za uhuru zikatoka. Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi. Posta imekaa na shehena ya stempu za utawala ambao haupo tena, na watu wanataka kutuma barua. Zikachukuliwa stempu zile zile zikagongwa muhuri kwa mkono, JAMHURI 1964, zikauzwa. Kwa mkono, kwa hiyo nyengine zimekaa mshazari, nyengine kichwa chini, nyengine zimegongwa mara mbili. Zilizopigwa chapa mtamboni zilikuja baadaye. Babu alikuwa nayo moja ya mkono, juu ya bahasha kutoka Unguja kuja Wete. Muhuri wa posta ulikuwa umekanyaga nusu stempu nusu bahasha, tarehe inasomeka, Februari 1964. Nyuma ya bahasha muhuri wa Wete, barua ilipofika. Jina la babu mbele, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani.

Nikaibandua. Nikaiweka kwenye sahani nikaitazama, nikajiona fundi.

Bahasha? Nilizianika uani zikakauka, asubuhi Bi Mkubwa akawashia jiko la makaa. Tukala chapati. Sidhani kisiwa kizima cha Pemba kuna aliyewahi kula chapati za bei ile.

Miezi baadaye nikampata mzee anayekusanya stempu kweli kweli. Akatoa kibano chake, akatoa lenzi, akainamia ile ya JAMHURI muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu pesa kichwani. Akauliza neno moja: "Bahasha yake?"

Nikamwambia sina. Akaweka lenzi chini. Akanieleza polepole, kama anampa mtu habari ya msiba, kwamba muhuri wa mpira kila mtu anaweza kuuchonga. Stempu za uhuru zisizo na chochote zinapatikana, ukachukua moja ukaigonga jikoni kwako, nani atajua? Juu ya bahasha ilikuwa na tarehe, ina njia iliyopita, ina duara la posta lililovuka kutoka stempu kwenda karatasini. Ile ndiyo ilikuwa hati yake ya kuzaliwa. Sasa imebaki robo ya duara na herufi mbili. "Mimi naamini ni ya kweli," akasema, "lakini sinunui imani." Akanirudishia kwa adabu, akanimiminia kahawa.

Na yule mla badia, nilipompelekea zilizobaki, alinambia nini? "Mbona zimepauka hivi? Nani aliyekwambia utumie maji ya moto?" Nilitoka dukani mle kabla sijafanya jambo la kuandikwa gazetini. Mpaka leo nikipita uchochoro ule nageuza uso. Najua sasa kwamba mwenye duka la saa mbovu anajua saa mbovu, basi. Na mjomba wako, kwa heshima zote, amebandua stempu ngapi maishani mwake?

Kwa hiyo sikia, na usibishane nami: STEMPU ISITOKE KWENYE BAHASHA YAKE. Hata ikikuudhi bahasha imechanika, imeliwa na mende, ina pete ya kikombe cha chai. Muhuri wa Chake, wa Wete, wa Mkoani, posta ndogo hizi, wapo watu wanatafuta huo muhuri kuliko stempu yenyewe. Chukua stempu za India za Malkia Victoria. Posta ya Unguja ilikuwa chini ya India mpaka 1895, kwa hiyo barua za hapa zilitumwa kwa stempu za India. Peke yake ni stempu ya kawaida. Ikiwa na muhuri wa Zanzibar juu ya bahasha nzima, mzungumzo mwengine kabisa. Na zile za India zilizopigwa chapa ya neno Zanzibar mwaka huo wa 1895, zimeghushiwa mpaka basi, kwa hiyo hapo nako bahasha ndiyo shahidi.

Mvuke ndiyo usiseme. Unakunja karatasi, unalainisha gundi nusu nusu, unavuta, unabaki na ngozi ya juu mkononi na mgongo wa stempu kwenye bahasha.

Najua utaniambia kuna zilizokwisha kukatwa zamani, vipande tu. Haya, hizo, tena ziwe za kawaida, karatasi nyeupe, muhuri hausomeki. Maji ya mtungi, baridi, kwenye bakuli la chakula, si beseni. Chache chache. Za karatasi ya rangi zikae mbali na wenzake. Uso juu, uziache nusu saa, uende ukasali, ukirudi zimeanza kuelea zenyewe. Isiyotaka kutoka usiivute, iongezee muda. Suuza gundi kwenye maji mengine, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe safi, si gazeti, wino wa gazeti unahama. Ikikaribia kukauka iweke katikati ya kitabu kizito ilale humo siku moja. Kibano kisicho na meno. Vidole vyako ni mafuta, hata kama hukula badia. Ambayo haijawahi kutumika, ina gundi yake ya asili nyuma, usiitie maji hata tone. Na hizi za kisasa za kubandika kama stika mara nyingi maji hayazitoi, kata karatasi pembeni uache nafasi ya kidole, umemaliza.

Kijani cha zamani kile na zambarau kile, hata baridi usijaribu.

Kuhifadhi na bei sijakujibu, najua. Bei siwezi kusema kitu sijakiona. Leo usiku, kabla ya kugusa chochote, toa zile bahasha moja moja, mikono mikavu, uzipige picha mbele NA NYUMA karibu na dirisha kukicha, uweke hapa. Ukiona neno JAMHURI limekaa upande upande, hiyo usisubiri asubuhi, nipigie picha hata kwa taa.